Kusoma riwaya za kisayansi zilizotwaa tuzo pamoja na ndugu zako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni ndugu wa tumbo moja. Mimi dada mkubwa niko Tanga, kaka anayenifuata yuko Muscat, na wadogo zetu wawili wako Dar es Salaam. Tunasoma riwaya za zamani za kisayansi, zile zilizoshinda tuzo za Hugo na Nebula, kisha tunazijadili sura kwa sura. Binamu, majirani na wazazi wa marafiki zetu hutuuliza mambo yaleyale, ndiyo maana nimeyakusanya hapa.

## Kwa wanaoanza

Riwaya za kisayansi ni zipi hasa?

Ni hadithi za kubuni zinazouliza "ingekuwaje kama" na kulifuata swali hilo hadi mwisho wake. Ingekuwaje kama chombo kikubwa kisichojulikana kilikotoka kingepita karibu na jua letu? Ingekuwaje kama watu wa sayari nzima wasingekuwa wanaume wala wanawake? Roketi na roboti zimo katika nyingi, lakini si lazima. *Flowers for Algernon* ya Daniel Keyes inatokea kiwandani mwa mikate na katika maabara, na hakuna anayeruka kwenda sayari nyingine.

Hugo na Nebula zinatofautianaje?

Hugo inapigiwa kura na wasomaji. Kila mwaka kunafanyika kongamano la dunia la wapenzi wa hadithi hizi, na yeyote aliyelipa ada ya uanachama anaruhusiwa kupiga kura. Tuzo ina jina la Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani na kuanzisha jarida la *Amazing Stories* mwaka 1926. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1953 mjini Philadelphia, na riwaya iliyoshinda ni *The Demolished Man* ya Alfred Bester.

Nebula inatolewa na waandishi wenyewe kupitia chama chao kilichoundwa Marekani mwaka 1965. Riwaya ya kwanza kuipata ni *Dune* ya Frank Herbert, ambayo ilipata pia Hugo ya mwaka 1966, ikigawana nafasi na riwaya ya Roger Zelazny. Kitabu kilichopata zote mbili kimewaridhisha walaji na wapishi pia, na katika vitabu vya aina hiyo ndimo tunamowashauri wageni watafute cha kuanzia.

"Za zamani" mnaishia mwaka gani?

Sisi tumeweka mpaka kwenye 1986, mwaka ambao *Ender's Game* ya Orson Scott Card ilipata Hugo. Ninyi wekeni mpaka wenu, mradi uwepo. Bila mpaka, kila mtu huleta kitabu kipya alichokiona juzi na hakuna kinachomalizika.

Kwa nini ndugu? Marafiki hawatoshi?

Marafiki wanatosha sana. Ila ndugu mna kitu ambacho marafiki hawana: mmelelewa na watu walewale, mkala sahani moja, na kila mmoja akatoka na picha yake ya malezi hayo. Riwaya hizi zinauliza jinsi jamii ingeweza kupangwa vingine: nani alee watoto, nani amiliki nini, nani aamue. Ukiyajadili hayo na mtu mliyekua pamoja, mfano mnao, ni nyumba yenu wenyewe.

Pia ndugu hawezi kukuacha kwa sababu mmepishana juu ya kitabu. Kesho mtaonana tu msibani au harusini.

## Kuchagua kitabu

Tuanze na kipi?

*Rendezvous with Rama* ya Arthur C. Clarke, iliyotoka 1973 na kupata Hugo na Nebula. Sura zake ni fupi fupi na sentensi zimenyooka. Kisa ni rahisi kushika: mwaka 2131 kinaonekana kitu kinachotoka nje ya mfumo wa jua, wanaanga wanakifuata, wanakuta ni silinda ya urefu wa kilomita 50 na upana wa kilomita 20, wanaingia ndani. Basi. Kila sura inafungua mlango mmoja.

Tena si jambo la kubuni tupu. Oktoba 2017 wanaastronomia walikiona kwa mara ya kwanza kitu kilichopita katika mfumo wetu wa jua kikitokea kwenye nyota nyingine, wakakiita 'Oumuamua. Someni habari zake mkimaliza kitabu, mjadala utaendelea wenyewe.

Kuna mistari ya Clarke kuhusu wanawake ndani ya chombo ambayo imezeeka vibaya. Tazama swali la maneno ya kudhalilisha hapo chini kabla hamjampa mdogo wenu kitabu.

Kiingereza chetu ni cha shule. Tutaweza?

Mtaweza, ila chagueni kwa akili. Clarke na Isaac Asimov wanaandika wazi. Ursula K. Le Guin anaandika kwa utulivu na maneno yake yanastahili kusomwa polepole. *Stand on Zanzibar* ya John Brunner na *Neuromancer* ya William Gibson zisiwe za kwanza kabisa, maana zina misimu iliyobuniwa na hata Mmarekani hukwama.

*Flowers for Algernon* ina mtego wake. Charlie Gordon, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate mwenye akili pungufu, anaandika ripoti mwenyewe, hivyo kurasa za mwanzo zimejaa tahajia mbovu za makusudi. Anayejifunza Kiingereza huziona akadhani tatizo ni lake. Dawa ni kusoma kwa sauti: mmoja asome, wengine wasikilize. Sikio linalielewa neno ambalo jicho limelikataa. Kadiri Charlie anavyopata akili baada ya upasuaji, lugha inanyooka, na msomaji anahisi mabadiliko hayo kabla hajaambiwa.

Mjadala fanyeni kwa Kiswahili. Kitabu ni cha Kiingereza, mazungumzo ni yenu.

Dune ni kinene mno. Tukiruke?

Msikiruke, ila kisiwe cha kwanza. Wachapishaji zaidi ya 20 walikikataa kabla hakijachukuliwa na Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari, ikakitoa mwaka 1965. Ugumu wake upo kwenye kurasa za mwanzo, ambako majina na vyeo vinamiminika bila maelezo. Nyuma ya kitabu kuna faharasa ya maneno. Ikunjeni kona ya ukurasa huo, mtaurudia mara nyingi.

Aliyesoma madrasa ana nafasi nzuri hapa. Mahdi, jihadi, Shaitan: Herbert amechota kwa wingi kutoka Uislamu na maisha ya jangwani. Kaka yetu wa Muscat alikisoma mbele yetu sote, akaja na hoja iliyotushughulisha kuliko vita vya mchanga: je, mwandishi anawaheshimu watu wa jangwani, au anawatumia kumpandishia kijana wa kigeni kiti cha enzi? Mimi naona kitabu kinamwonya msomaji dhidi ya kiongozi huyo. Yeye haoni onyo la kutosha. Hatujapatana mpaka leo.

Kuna kitabu chenye jina la Zanzibar. Kinahusu Zanzibar?

Hapana, na ni vizuri mjue mapema ili msikasirike. *Stand on Zanzibar* ya Mwingereza John Brunner ilitoka 1968 na kushinda Hugo mwaka 1969. Jina linatokana na hesabu ya nafasi: binadamu wote wa dunia wakisimama bega kwa bega, watahitaji kisiwa cha ukubwa gani? Zamani, kwa hesabu ya kitabu, kisiwa cha Wight huko Uingereza kingetosha. Katika mwaka 2010 wa riwaya, watu wakiwa zaidi ya bilioni 7, kinatakiwa kisiwa cha ukubwa wa Zanzibar, kilomita za mraba 1,600 na ushei. Umoja wa Mataifa uliadhimisha mtu wa bilioni 7 tarehe 31 Oktoba 2011. Brunner alikaribia mno.

Kisa chenyewe kiko New York, Asia, na Beninia, nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi. Kimekatwa vipande vipande: tangazo, habari, kisa, habari tena. Msomaji anazama katika kelele za dunia iliyojaa. Someni kikiwa cha nne au cha tano, na mkubaliane kutokielewa kwa kurasa 60 za mwanzo.

Mdogo wetu yuko darasa la sita. Naye aje?

Aje, na kitabu kiwe chake. *A Wrinkle in Time* ya Madeleine L'Engle ilitoka 1962 na mwaka uliofuata ikapata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Meg anamtafuta baba yake aliyepotea, akiwa na Charles Wallace, mdogo wake mwenye akili za ajabu. Kinachookoa mambo mwishoni si nguvu wala akili, ni jambo ambalo dada tu anaweza kumfanyia mdogo wake. Wakubwa wanaokidharau kitabu hiki wanapitwa.

Vitabu tunavipata wapi?

Anzeni na wauza vitabu vya mitumba. Nairobi kuna wale wanaovitandika chini, watu wakawaita "inama", na Dar es Salaam wapo katikati ya jiji. Ulizeni Maktaba Kuu iliyo karibu nanyi. Nakala moja inatosha ndugu watatu mkipeana zamu, na ndugu aliye nje akirudi likizo aagizwe vitabu badala ya viatu.

## Mazungumzo yenyewe

Nani aanze kuzungumza?

Mdogo kuliko wote. Kama ungetaka nikupe ushauri mmoja tu katika ukurasa huu mzima, ni huo.

Katika familia zetu mkubwa akishasema, mjadala umefungwa. Ni adabu, na sina nia ya kuivunja. Shikamoo inabaki palepale. Lakini kitabu hakijui nani alizaliwa mwanzo. Mkubwa akianza, wadogo hujipanga nyuma yake kwa heshima na mnamaliza jioni mkiwa na maoni mamoja. Mdogo akianza, wakubwa wanalazimika kumjibu.

Tulipokuwa kwenye *Rama*, kaka alikuwa amejiandaa kutueleza jinsi silinda inayozunguka mara moja kila dakika nne inavyowafanya watu wa ndani wasimame kana kwamba kuna mvutano. Zamu ya kwanza ilikuwa ya kitinda mimba. Akauliza: "Hivi hawa wanaingiaje kwenye chombo cha watu bila hodi?" Kimya. Sote tulikuwa tumesoma kurasa hizo tukifurahia ushujaa wa Kamanda Norton. Kuanzia hapo tukazungumzia wavumbuzi walioingia bara hili, kisheria na kimaadili chombo kile ni cha nani, na kama kutoona mtu mlangoni ni ruhusa ya kuingia. Fizikia ilikuja baadaye, kaka alipokuja likizo: akazungusha ndoo ya maji uani bila tone kumwagika, na kitinda mimba akalowa alipojaribu yeye.

Kwa hiyo kanuni zetu ni hizi tu: mdogo anaanza, mkubwa anamaliza, hakuna kukatiza, na maelezo ya kitaalamu yaje baada ya hisia.

Tuulizane nini? Sisi huishia "kizuri" na "kibaya".

Tafuteni jambo moja ambalo watu wa kitabuni wanaliona la kawaida na ninyi mnaliona la ajabu. Hilo ndilo swali lenu.

Chukueni *The Left Hand of Darkness* ya Le Guin, iliyomfanya kuwa mwanamke wa kwanza kushinda Hugo ya riwaya, mwaka 1970. Katika sayari yenye baridi ya Gethen, mtu si mume wala mke isipokuwa siku chache za mwezi, na yeyote anaweza kubeba mimba. Hata mfalme. Mjumbe kutoka duniani, Genly Ai, mtu mweusi, anashindwa kumwamini Estraven, waziri wa huko, kwa sababu hajui amchukulie vipi. Swali letu lilikuwa: kama yeyote angeweza kubeba mimba, nani angekuwa anaosha vyombo nyumbani kwetu? Liliumiza, maana jibu la nyumbani kwetu tulilijua.

Au *The Dispossessed*, ya mwandishi huyohuyo, ya 1974. Shevek ni mwanafizikia wa Anarres, ambako hakuna anayemiliki kitu na kazi inapangwa na ofisi moja. Yeye na mwenzake Takver wanatenganishwa kwa miaka wakati wa ukame kwa sababu ya vituo vya kazi. Mwalimu yeyote aliyepangiwa mkoa wa mbali na mwenzi wake anaielewa sura hiyo bila msaada. Sisi tulimpigia simu mjomba aliyeishi kijiji cha ujamaa, tukamuuliza nini kilimpendeza na nini kilimchosha. Majibu yake yaliingia katika mjadala kwa uzito uleule wa kitabu. Baada ya hapo someni *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya 1995: mtu aliyehukumiwa anapakiwa katika chombo cha anga na kufika kwenye nchi ya usawa. Waandishi hawa wawili wanastahili kukaa meza moja, na huyu wa pili ameandika kwa lugha yetu.

Tunaishi nchi tofauti. Tunafanyaje?

Grupu la WhatsApp linatosha. Gaweni kitabu katika sehemu, wekeni siku ya kila sehemu, na kila mmoja atume sauti isiyozidi dakika tano. Sauti ni bora kuliko maandishi kwa sababu unasikia mtu alipositasita. Muscat imetangulia Dar es Salaam kwa saa moja tu, hiyo si shida. Mwenye ndugu Toronto au Minneapolis asitegemee simu ya pamoja katikati ya wiki.

Aliyesoma mbele asiharibu uhondo. Sisi huandika namba ya sura kabla ya kutuma, ili aliye nyuma asifungue.

Filamu zake tuangalie lini?

Baada ya kitabu. *Dune* ina filamu ya 1984 na zile za 2021 na 2024. *Flowers for Algernon* ilitengenezwa kwa jina la *Charly* mwaka 1968 na kumpa Cliff Robertson tuzo ya Oscar. Kilichoachwa na filamu ni mada nzuri ya mjadala.

## Mambo tata

Tumekutana na maneno ya kuwadhalilisha wanawake au Waafrika. Tuache kitabu?

Si lazima, lakini msipite kimya. Vingi viliandikwa na wanaume wa Marekani na Uingereza wa miaka ya 1950 hadi 1970, na inaonekana. Katika *Ringworld* ya Larry Niven, iliyopata Hugo 1971, mwanamke mkuu yupo kwa ajili ya bahati yake na mapenzi ya wengine. Beninia ya Brunner ni Afrika iliyotazamwa kutoka London. Hadithi fupi ya Mike Resnick, *Kirinyaga*, iliyopata Hugo 1989, inawaonyesha Wakikuyu wakijenga upya maisha ya mababu kwenye kisayari. Kama mna ndugu au shemeji Mkikuyu, yeye ndiye aanze kuzungumza, awe mdogo au mkubwa. Hapo kanuni ya zamu inasubiri.

Kwa mtoto, mkubwa asome kwanza. Dada asiachiwe peke yake kazi ya kusema "hapa nimeumia".

Mama ana wasiwasi kwamba vitabu hivi vinapinga dini.

Mwonyesheni *A Canticle for Leibowitz* ya Walter M. Miller, iliyoshinda Hugo mwaka 1961. Mwandishi alikuwa katika ndege za vita zilizoshambulia monasteri ya Monte Cassino huko Italia, na baada ya vita akaingia Ukatoliki. Katika riwaya yake dunia imeungua kwa nyuklia, na watawa wa jangwani wanatunza mabaki ya elimu bila kuyaelewa. Mojawapo ya hazina zao takatifu ni karatasi ya mtu aliyekuwa akienda dukani kununua chakula. Wanaitunza kwa mapenzi yaleyale. Mama yetu aliomba kitabu hicho, akakimaliza kabla yetu.

Kimeshinda tuzo lakini kinatuchosha. Tumalize kwa lazima?

Hapana. Hata wapiga kura hukosea: *They'd Rather Be Right* ya Mark Clifton na Frank Riley ilipata Hugo mwaka 1955 na mashabiki wengi wanaitaja kuwa mshindi dhaifu kuliko wote.

Igeni kura ya Hugo. Kila mpiga kura anapanga vitabu kwa nafasi, na kwenye karatasi kuna chaguo la "hakuna mshindi", ambalo linaweza kuwekwa juu ya kitabu chochote. Mwisho wa mwaka sisi hupanga tulivyosoma hivyohivyo, kwa siri, karatasi zinafunguliwa pamoja. Mwaka mmoja *Dune* iliwekwa chini ya "hakuna mshindi" na mtu ambaye hajajitaja.

Mjadala umegeuka ugomvi wa zamani. Tufanye nini?

Itatokea, kwa sababu baadhi ya vitabu hivi vinahusu ndugu moja kwa moja. *Ender's Game* ina watoto watatu: Peter mkatili, Valentine mpole, na Ender, mtoto wa tatu katika dunia inayoruhusu wawili. Peter na Valentine wanaandika siasa mtandaoni kwa majina ya bandia, na dada mpole ndiye anayepewa sauti ya ukali. Katika *Flowers for Algernon*, Charlie anarudi nyumbani na kumkuta Norma, dada yake aliyemwonea haya utotoni, sasa akimuuguza mama yao peke yake. Nani alipendwa zaidi, nani alibeba mzigo wa wazazi: maswali hayo yatatoka kitabuni na kukaa kwenye mkeka wenu.

Yakitoka, fungeni kitabu na mzungumzie jambo lenyewe kwa jina lake. Msimtumie Peter kumsemea kaka yenu. Likishindikana, mwiteni shangazi au mjomba kama mngefanya kwa ugomvi mwingine, na kitabu kisubiri.

Tumemaliza za zamani. Twende wapi?

Vukeni mpaka mliouweka. Octavia Butler alipata Nebula kwa *Parable of the Talents*, ambamo kaka na dada wanatenganishwa na imani. *The Three-Body Problem* ya Liu Cixin, kutoka Uchina, ilikuwa riwaya ya kwanza ya tafsiri kushinda Hugo, mwaka 2015. N. K. Jemisin aliishinda miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Na *Binti* ya Nnedi Okorafor, iliyopata Hugo na Nebula katika kundi la hadithi za urefu wa kati, inamfuata msichana wa Kihimba anayeondoka kwao usiku bila kuaga ili akasome chuo kikuu kwenye sayari nyingine. Ni kifupi, kinasomeka kwa siku mbili, na sisi ndicho tulicho nacho mkononi sasa. Kitinda mimba ndiye atakayeanza.